Mwandiko wa Papa Salumu

Papa Salumu alizikwa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Nilipofika nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Nyalukemba, wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini na wanawake wameketi kwenye mikeka, chini ya turubai lililofungwa kutoka paa hadi ukuta wa jirani. Binti yake, Zaina, aliniona langoni akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mwanafunzi wa Papa amefika." Wakanisogezea kiti. Wakaniletea wali na nyama, nami nikala, maana chakula cha kilio hakikataliwi. Nilikuwa nimefika katikati ya sahani Zaina alipomweleza shangazi yake, aliyekuwa ametoka Uvira, kwamba asubuhi ile yule mwalimu wa zamani, Asistanti Byamungu, alikuja amevaa koti, akiwa na kilo mbili za sukari mkononi, akitaka kutoa rambirambi. Kaka zake walimzuia langoni. "Balimurudisha na sukari yake," Zaina alisema. "Yeye njo aliuzisha Papa. Juu yake Papa alipelekwa kule mbali miaka mine, na maman akakufa bila kumuona tena." Shangazi alisema Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri yake. Mimi niliinamia sahani yangu nikaendelea kula hadi punje ya mwisho, kwa sababu nisingeweza kuinua uso. Si Byamungu aliyemuuza Papa Salumu. Nilimuuza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo karibu na soko, moja ya zile ambako watu huleta barua zao za kuomba kazi, hati za kuzaliwa na mikataba ya viwanja, nawe unazipiga bila kuuliza. Mtu mmoja alileta hati ya kiwanja cha Nyangezi, nikaipiga, ikaonekana baadaye kwamba ni ya uongo. Mwenye ofisi alisikia mapema akatoweka. Polisi walipokuja walinikuta mimi na mashine, wakatuchukua sote wawili. Nilihojiwa mara moja na mtu wa parquet, ofisi ya mashtaka, aliyekuwa akitafuna karanga, akaandika mistari sita, akaniambia nitaitwa. Niliingizwa gerezani, upande wa wanawake, nikangoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikioga alfajiri na kuvaa kitenge changu kizuri ili wakiniita wanikute tayari. Mwezi wa tatu niliacha.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake kumi na wawili na watoto watatu wachanga. Kilinuka makaa, nepi zisizokauka na maharagwe yaliyolowekwa. Mara moja kwa siku tulipewa vungule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hadi yakawa rangi moja, na aliyekuwa na ndugu mjini ndiye aliyeonja chumvi. Kupitia ukuta tulisikia upande wa wanaume mchana kutwa, kama sokoni: kukohoa, kugombania maji, mtu akiimba Kilingala, mtu akiita jina la mtu. Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza habari za masomo ya sheria. Mwanamume mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Banasema chuo inakuja huku ndani. Mutu mwenye iko na diplome d'État anaweza kusoma droit." Yule mwingine akajibu, "Droit ya kufanya nini? Ya kuhesabia siku?" Wakacheka. Mimi nilikuwa na diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Siku ile ile nilimwomba mlinzi kalamu.

Chuo kilitoa mwalimu mmoja na seti moja ya vitabu vya masomo. Darasa lilikuwa katika chumba kilichotumika kwa misa Jumapili. Ubao ulikuwa kipande cha triplex, mbao nyembamba, kilichopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Tulikuwa wanafunzi wanane walioandikishwa, mimi mwanamke pekee, na asubuhi tatu kwa juma mlinzi alinivusha ua wa wanaume, kichwa nimekiinamisha, hadi kwenye benchi la mbele. Asistanti Byamungu alikuja kwa miguu, viatu vyake vikiwa na tope la mteremko, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alikuwa kijana kuliko nusu ya wanafunzi wake. Alitwambia siku ya kwanza, "Mimi siulizake mutu alifanya nini inje. Hapa muko première graduat, basi." Neno hilo, graduat, la wanafunzi wa chuo, lilinifanya nilie mbele ya wanaume wote. Cikuru, aliyekuwa askari kabla ya kufungwa, alinipa ncha ya shati lake nijifute, akasema, "Dada, usimalize machozi. Bado hatujafika mu examen."

Wa tisa alikuwa Papa Salumu, ambaye hakuwa kwenye orodha. Alikuwa mfanyabiashara wa Uvira, watu wa kwao walitoka pwani tangu enzi za babu, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi, cha kunyooka, hata walinzi walipozungumza naye walijirekebisha. Alikuwa amempiga mshirika wake katika ugomvi, mshirika akaanguka vibaya akafa. Hakulikana jambo hilo na alikuwa amehukumiwa. Shule aliiachia darasa la tano la sekondari, kwa hiyo chuo hakingeweza kumwandikisha. Siku ya pili ya masomo alisimama mlangoni akamwambia Byamungu, "Bwana mwalimu, una kitabu kimoja cha kila somo na wanafunzi wanane. Nipe nafasi ya kukaa nyuma, nami nitakunakilia vinane." Byamungu alimkabidhi kitabu. Baada ya majuma mawili kila mmoja wetu alikuwa na nakala yake ya sura za kwanza, katika daftari za kurasa mia zilizoletwa na mke wake, Mama Zaina, chini ya chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Sijaona tena mwandiko kama ule. Alikuwa amefundishwa na baba yake, aliyekuwa akiandika barua za biashara, na herufi zake zililala kidogo upande wa kulia, mkia wa y ukishuka hadi mstari wa chini. Vichwa vya habari alivipigia mistari miwili. Gereza zima liliujua mwandiko ule, kwa sababu ndiye aliyewaandikia watu barua za kwenda kwa wake zao. Mimi niliyekula kwa mashine ya chapa sikuweza kuandika mstari ulionyooka. Alinikalisha kando yake baada ya masomo, dakika chache kabla mlinzi hajanirudisha, akanifundisha kushika kalamu. "Usiikabe," alisema. "Haikimbii." Jumamosi mkewe alipoleta chakula, alinitengea bugali na sambaza sita au saba, samaki wadogo wa ziwani, katika kifuniko cha sufuria, akanipelekea kwa mkono wa mlinzi. Mimi sikuwa na mtu wa kuniletea chakula. Miezi minane nilikula chakula cha mwanamke ambaye sikuwahi kumwona uso wake.

Kilichotuangusha ni somo la mwenendo wa kesi za jinai. Nakumbuka asubuhi ile, mvua ikigonga bati hata Byamungu akalazimika kupaza sauti. Alisoma kwamba jaji akiruhusu mtu awekwe ndani kabla ya hukumu, ruhusa ya kwanza ni ya siku kumi na tano. Baada ya hapo anaweza kuongeza mwezi, na mwezi mwingine, lakini kila mara lazima aangalie dossier, jalada la kesi, na aandike sababu. Cikuru aliinua mkono. "Asistanti, na mutu mwenye hajaona jaji hata siku moja?"

"Huyo, kisheria, hayuko mu prison."

Cikuru alijitazama mikono, akatazama miguu. "Basi mi niko wapi?"

Tulicheka hadi mlinzi akachungulia. Byamungu peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akauliza, "Ni bangapi mu hii chumba benye habajaona jaji?" Tuliinua mikono watano. Papa Salumu, kule nyuma, alikuwa tayari amefungua ukurasa mpya.

Alianza na sisi watano, kisha akatoka uani. Aliuliza kila mtu mambo matatu: jina, siku uliyoingia, jaji aliyekuona. Wengi hawakuwa na jibu la swali la tatu. Kulikuwa na mzee aliyekamatwa kwa sababu ya mbuzi. Kulikuwa na mtu ambaye hata ofisi ya gereza haikuwa na jina lake popote. Alikuwa akila na kulala humo na hakuna karatasi iliyojua. Papa Salumu aliwaandikia wote maombi ya kuachiwa, kwa Kifaransa alichokisahihisha Byamungu, kila ombi na kifungu chake cha sheria. Yeye mwenyewe alikuwa amehukumiwa, na karatasi hizo hazikumfaa kwa lolote. Nilipomwuliza kwa nini anajichosha, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Mwanangu, mwaka wa sita huu naandika barua za mapenzi ya watu. Leo nimepata la maana." Siku ya kuyatoa, Byamungu aliyashika yale maombi mkononi bila kuyaweka mfukoni. "Niko na bibi na batoto batatu," alisema, bila kumlenga yeyote. Kisha akayaingiza ndani ya jalada la kitabu akatoka nayo hadi mahakamani.

Kwa majuma kadhaa hakukutokea kitu. Kisha asubuhi moja wakaanza kuita majina. Mzee wa mbuzi alitoka wa kwanza, amekumbatia ndoo yake, hakuamini, akarudi mara mbili kuuliza kama ni yeye kweli. Wakafuata wengine wawili. Ua wote ulikuwa na kelele ya namna mpya, na sisi wa darasani tulisalimiwa kama mapadri. Halafu akaja mkaguzi, bwana mwenye mkoba, akaomba daftari la gereza, akakaa nalo siku nzima akiuliza kwa nini watu wa kwenye daftari na watu wa uani hawalingani. Alipoondoka hakuna aliyepiga kelele. Mkurugenzi wa gereza aliita mlinzi mmoja mmoja. Kisha akaniita mimi.

Ofisi yake ilikuwa na dirisha lililotazama ziwa. Nilikuwa nimekaa miezi kumi na moja umbali wa kutupa jiwe kutoka ziwa lile bila kuliona. Mkurugenzi hakuwa mtu mkali. Aliniambia niketi, akanimiminia chai ya maziwa, akanisogezea mkate. Juu ya meza kulikuwa na ombi langu mwenyewe, lile lililoandikwa na Papa Salumu, na chini ya kiwiko chake karatasi ya mahakama yenye muhuri. Niliweza kusoma jina langu juu chini. "Ordonnance yako ilifika," alisema. "Utatoka leo. Sitakuzuiya, ni jaji njo amesema." Alikunja kona ya lile ombi. "Ila nataka kujua kitu moja. Hii mukono ni ya nani?"

Nilishika kikombe bila kunywa.

"Kunywa chai. Si naulizaka tu? Haya maombi yote, mukono moja. Mutu anaandika vizuri hivi, tunaweza kumupatia kazi mu bureau."

Nilijua kwamba anasema uongo, naye alijua kwamba ninajua. Nimejiambia mambo mengi tangu siku ile: kwamba gereza zima liliujua mwandiko, kwamba angemwuliza mlinzi yeyote akajibiwa, kwamba labda alikuwa amekwisha kujua na alitaka tu kuona. Yote huenda ni kweli. Lakini hakunipiga. Hakunitisha. Karatasi ilikuwa na muhuri wa jaji, na sheria niliyofundishwa katika chumba kile ilisema kwamba hawezi kunizuia hata saa moja. Niliijua sheria hiyo kwa kifungu na namba. Nilimeza mkate uliokuwa mdomoni nikasema, "Ni ya Papa Salumu." Akaandika. Akanipa karatasi yangu. Saa nane mchana nilikuwa barabarani, nimebeba daftari zangu ndani ya kitenge.

Cikuru alitoka siku mbili baada yangu, kwa ombi lake lililoandikwa kwa mwandiko ule ule. Alinikuta sokoni akanieleza. Walikuja kumchukua Papa Salumu asubuhi, akiwa darasani, wakampeleka uwanja wa ndege na pingu, akasafirishwa hadi gereza la mkoa mwingine, mbali mno kwa mke kubeba chungu. Byamungu alisimamishwa kazi juma lile. Majuma matatu kabla ya mtihani, darasa lilifungwa, na ule ubao wakaufanya mlango wa choo. "Kuko mutu alisema," Cikuru aliniambia. "Mi nafikiri ni Asistanti. Yeye njo alibeba makaratasi, balimubana akasema." Nilimwambia huenda.

Nilikwenda chuoni kuuliza kuhusu mwaka wetu. Sekretari alitafuta katika makabati mawili. "Ile ilikuwa projet, maman," akasema. "Projet iliisha." Hakuna jina langu, hakuna jina la mtu yeyote, utadhani tulikuwa tumeuota mwaka ule. Nikajiandikisha upya mwaka wa kwanza, pamoja na watoto wa miaka kumi na minane waliolalamika kwamba madawati ni magumu. Vitabu vilikuwa vile vile. Wao walinunua vya fotokopi. Mimi nilisomea vile vya mwandiko wa Papa Salumu, na katika mwenendo wa kesi za jinai nilikuwa wa kwanza. Leo mimi ni wakili. Nimewatoa watu wengi gerezani kwa kifungu kile kile.

Alirudi baada ya miaka minne, amebaki mifupa na kikohozi, akakaa kwa binti yake Nyalukemba. Nilikwenda kumsalimu nikiwa nimejiandaa kusema. Alinishika mikono yote miwili akawaambia watu, "Huyu ndiye digrii yangu." Baada ya hapo ningesema nini? Kila Idi nilikwenda, nikala, nikasikiliza akimtaja Byamungu bila hasira, kama mtu anayetaja ugonjwa: alisema mwalimu alikuwa na watoto, akabanwa, akasema. Mimi nilinyamaza. Kunyamaza huku kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza kule ofisini, ambako nilishindwa.

Mwaka huu wamekuja watu wanaotaka kuanzisha tena masomo ya chuo gerezani, safari hii kwa wafungwa wengi na kwa wanawake pia. Walinikuta ofisini wakaniomba niwe mfano. Wanataka niseme jinsi elimu ilivyonibadilisha. Niliwaambia nitakuja, kwa kuwa nataka masomo hayo yawepo kuliko wao wanavyodhani. Nikawauliza pia: yule wa tisa, asiye na diploma, mtamwandikisha? Na siku wafungwa watakapofika kwenye sura ya siku kumi na tano, nani atasimama nao? Waliandika maswali yangu. Mmoja akasema ni maswali mazuri.

Siku ya arobaini nilirudi kwa Zaina. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha masufuria ya hitima, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia chai hadi mkate. Hakuacha kuosha. Alisugua sufuria moja hadi mwisho, akalifudikiza juani, ndipo akasema, "Maman alikuwa anakutumia sambaza."

"Ndiyo."

"Na ule muzee tulimufukuza na sukari yake."

"Ndiyo."

"Utaenda kumuambia weye mwenyewe. Halafu hapa usirudiye tena, Maman Nabintu. Nakuomba."

Byamungu anaishi Lwiro, kwa dada yake, analima kabichi na kufundisha Kifaransa shule ya sekondari siku mbili kwa juma. Chuo hakikumrudisha kazini. Nilimkuta kwenye ngazi ya nyumba akichambua maharagwe, akafurahi kuniona, akaita chai. Nilimwomba asiite, nikaketi ngazini. Nilisema haraka, bila kupamba. Alisikiliza akiendelea kutoa mawe katika maharagwe, kisha mkono ukasimama.

"Na mimi aliniita mu ile bureau," alisema. "Siku moja mbele ya weye kuitwa. Nilimuambia sijue. Akasema, basi kazi utapoteza. Nikasema, sawa." Alitupa jiwe lililokuwa mkononi. "Nilijua kuko mutu alisema nyuma yangu. Weye sikukuwazia hata kidogo. Ulikuwa unalia juu ya kila kitu."

"Ulimwazia nani, Asistanti?"

"Cikuru. Alitoka ile wiki, tena alikuwa mujeshi. Nikasema, bajeshi ni bajeshi." Alichukua punje moja ya haragwe akaigeuza kidoleni. "Alikuja hapa, mwaka alikuwa mugonjwa, mbele ya kufa. Alitembea kutoka barabara ya lami mpaka hapa, na ile miguu yake ilikuwa imevimba. Alipiga hodi. Mi nilikuwa ndani. Nilimuona kwa dirisha, sikumufungulia, akakaa hapo penye umekaa, akangoja mpaka mvua ikaanza, akaenda."